Mtambo wa hewa kwa shamba la uyoga chini ya nyumba ya zamani, Lubumbashi: tathmini baada ya kiangazi na masika

Ninachotathmini hapa ni mtambo wa kuongoza hali ya hewa ambao karakana ndogo ya mafundi wa majokofu wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, ilitufungia katika chumba cha chini ya ardhi tunamootesha uyoga wa plerote, ule unaoitwa mamama katika masoko ya Tanzania. Karakana hiyo haina kibao mlangoni na hupata kazi kwa maneno ya wateja waliotangulia, kwa hiyo msomaji atapata hapa habari za kazi yao bila jina la kibiashara. Vifaa walivyoleta ni feni mbili za volti 12, sanduku la makaa yaliyoloweshwa ambamo hewa hupita kabla ya kuingia, mashine moja ya ukungu, kidhibiti chenye vipima joto, unyevunyevu na hewa ukaa, betri moja na paneli yake ya jua, pamoja na hema la plastiki nene linalosimama katikati ya chumba pasipo kugusa ukuta. Tulilipa dola 780 kwa vifaa na kazi yote. Ni bei ninayoiona ya haki, na ningewaita tena, ingawa kidhibiti walichotuwekea kilikuwa na kasoro ambayo ingemharibia mavuno mkulima asiyezoea kupima mwenyewe, wala isingemwonyesha chanzo.

Nyumba ina uzito kuliko mashine katika habari hii. Mji ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia, ukaitwa Élisabethville hadi ulipopewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, na nyumba nyingi za matofali mekundu tunazoziona bado katikati ya mji ni za kipindi hicho. Yetu ina baraza pana mbele, dohani iliyojengwa kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai, na chumba cha chini chenye ukuta wa sentimita 45 ambao matofali yake yameshikanishwa kwa chokaa. Chumba hicho hupata hewa kwa vidirisha vinne vidogo vilivyo usawa wa ardhi ya nje. Mzee mwenye nyumba alitupangisha kwa masharti mawili yasiyojadiliwa: ukuta usitobolewe, na usipigwe lipu ya saruji wala rangi ya mafuta. Wakati huo niliona masharti hayo kuwa ukaidi wa mtu aliyeipenda nyumba yake kupita kiasi. Baadaye niliona kwamba ndiyo yaliyoufanya mtambo wetu uwe mzuri kuliko ambavyo tungeuagiza wenyewe.

Kabla ya mafundi hawa, kampuni moja ya mjini ilitupa makadirio ya viyoyozi viwili vya ukutani vya BTU 12,000 kila kimoja. Makadirio hayo yaliandikwa vizuri, kwa muhuri na sahihi, lakini hayakuwa na maana kwa kazi yetu. Kiyoyozi hupoza hewa kwa kuipitisha juu ya mabomba yaliyo baridi sana kuliko chumba, na hewa ikigusa mabomba hayo huacha maji yake yakadondoka kwenye mpira wa nje. Mahali pa kulala watu jambo hilo ni faida, lakini plerote inataka unyevunyevu wa hewa wa asilimia 85 hadi 95 wakati wa kuzaa, hivyo mkulima mwenye kiyoyozi hulipa umeme wa kukausha hewa halafu hulipa umeme mwingine wa kuilowesha upya. Tena mashine hizo zingedai umeme usiokatika wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na kila mkazi wa Lubumbashi anajua ahadi hiyo ina thamani gani mwezi wa Septemba.

Mafundi wa mtaa wa Kenya walianza kwa njia tofauti. Kiongozi wao, mtu wa makamo asiyesema sana, aliomba aachiwe vipima joto ndani ya chumba kabla ya kutaja bei yoyote: kimoja hewani, kimoja kikiwa kimebandikwa ukutani karibu na sakafu, na cha tatu nje kivulini. Aliporudi kuvisoma aliniambia, "Mama, baridi unayo tayari. Unayokosa ni hewa." Alikuwa sahihi. Joto la ardhi kwa kina hicho hufuata wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali, nao kwa Lubumbashi, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, ni nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Nje, usiku wa Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10 na mchana wa Oktoba kupita 30, lakini ukuta mnene ulio ndani ya udongo huyumba kidogo tu kati ya 18 na 22. Plerote ya kijivu huzaa vizuri kati ya nyuzi 12 na 20 hivi, na jamaa yake anayestahimili joto, *Pleurotus pulmonarius*, huendelea kuzaa hata kwenye nyuzi 25. Maana yake ni kwamba jengo lenyewe limeshafanya sehemu kubwa ya kazi ya kupoza, na fundi mzuri ni yule anayelinda kazi hiyo asiivuruge.

Hapo ndipo walipokataa kutuuzia kitu tulichokuwa tumekiomba. Tulitaka feni kubwa ya kuvuta hewa ya nje mfululizo na kuimwaga ndani ya chumba chote. Fundi alituonyesha kwa hesabu kwa nini wazo hilo lingetuletea hasara wakati wa masika. Hewa ya nje yenye nyuzi 22 na unyevunyevu wa asilimia 90, jambo la kawaida mwezi wa Januari, hubeba karibu gramu 17.5 za maji katika kila mita ya ujazo. Hewa iliyogusa ukuta wenye nyuzi 19 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 16.3. Kinachozidi hukaa juu ya matofali kama umande, na feni kubwa ikiendelea kuleta hewa mpya, umande huo huongezeka saa baada ya saa hadi ukuta unang'aa kwa maji. Watu wengi huona ukuta wa namna hiyo wakadhani maji yanatoka ardhini, wakaita mwashi apige saruji. Saruji huzuia matofali na chokaa kupumua, chumvi iliyo ndani ya ukuta hukosa njia ya kutoka, hujikusanya nyuma ya lipu na kuyabomoa matofali kutoka ndani. Nimeona nyumba za mjini zilizopoteza uso wa matofali yake kwa matibabu hayo.

Suluhisho lao lilikuwa hema. Waliunganisha mabomba ya chuma ya mraba, wakayafunika kwa plastiki nene inayopitisha mwanga, wakapata chumba ndani ya chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2.5 na kimo cha mita 2, kikiwa kimeachana na ukuta kwa nafasi inayomtosha mtu kupita akiwa amejigeuza ubavu. Unyevunyevu wa uyoga hubaki ndani ya hema. Hewa chafu hutolewa kwa bomba la sentimita 15 linaloingia moja kwa moja katika dohani ya zamani na kutokea juu ya paa, na hewa mpya huingia kwa kidirisha kimojawapo cha chini, kilichobadilishwa ubao wake bila kuguswa fremu. Nafasi iliyo kati ya hema na ukuta ina vidirisha vyake vyenyewe, navyo hufunguliwa au kufungwa kwa mkono kulingana na msimu: kiangazi vikae wazi ili ukuta ukauke, masika vifungwe mchana na kufunguliwa alfajiri hewa ya nje ikiwa baridi kuliko ukuta. Hakuna kifaa cha umeme katika sehemu hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote. Mvua za Januari na Februari zilipokolea nilikuwa napitisha kiganja ukutani kila asubuhi, nao ukuta ulibaki mkavu isipokuwa pembe moja iliyo chini ya mfereji wa paa ambao mzee ameahidi kuutengeneza.

Siwezi kupita hapa bila kutaja kichuguu. Udongo wa matofali mengi ya Katanga huchimbwa katika vichuguu vikubwa vya mchwa, na mchwa hao hulima kuvu ndani ya ardhi, katika bustani wanazozitunza zenye joto lisiloyumba na unyevu mwingi, huku hewa iliyochoka ikipanda na kutoka kupitia kuta za kichuguu. Uyoga mnene unaouzwa kando ya barabara kuu mvua zinapoanza hutoka katika bustani hizo. Chumba cha chini chenye dohani kinafanya kazi ileile: hewa yenye joto kidogo zaidi hupanda juu ya paa yenyewe, na usiku wa baridi feni yetu ya kutoa hewa huzunguka polepole hata ikiwa imezimwa.

Kiangazi kilidai mambo mengine kabisa. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi hukauka kiasi cha kupasua midomo, na mtambo ulilazimika kuongeza maji badala ya kuyakimbia. Kwa hema la mita za ujazo 15 linalobadilishiwa hewa mara sita kwa saa, hewa ya mchana yenye nyuzi 26 na unyevunyevu wa asilimia 30 huhitaji kuongezwa karibu gramu 8 za maji kwa kila mita ya ujazo, jumla ikiwa lita 17 au 18 kwa saa 24 endapo feni hazipumziki. Mafundi waligawa mzigo huo sehemu mbili. Sanduku la makaa hupokea tone la maji kutoka kwenye pipa na kulowesha hewa inapoingia, na kwa kuwa kila lita ya maji inayogeuka mvuke huchukua joto la karibu kilowati-saa 0.68, sanduku hilo pia hupoza hewa bila gharama nyingine. Uzuri wake ni kwamba hufanya kazi vizuri zaidi kadiri hewa ya nje inavyokuwa kavu, yaani wakati uleule tunapolihitaji. Makaa hugharimu kidogo na hupatikana kila pembe ya mji. Huwa tunayabadilisha yanapoanza kunuka.

Mashine ya ukungu ndiyo inayomalizia, kutoka asilimia 75 au 80 hadi 90, na hiyo nimeipenda kidogo tu. Inatumia visahani vinavyotetemeka kwa kasi kubwa na kuyarusha maji hewani katika matone madogo sana, pamoja na chochote kilichoyeyuka ndani ya maji hayo. Maji ya hapa yana chokaa nyingi. Baada ya muda mfupi tulikuta vumbi jeupe juu ya mifuko, juu ya taa, na juu ya kofia za uyoga wenyewe, na wateja wa hoteli hawakufurahi kupokea uyoga unaoonekana kama umenyunyiziwa unga. Visahani navyo huganda chokaa na kupoteza nguvu. Fundi alipendekeza maji ya mvua, ushauri mzuri kwa mtu mwenye pipa kubwa na paa safi la mabati, lakini mvua haianguki kiangazi. Tunachemsha maji na kuyaacha yatulie, kwa sababu kuchemsha hutupa chini sehemu ya chokaa hiyo, na tunaloweka visahani katika siki. Kama ningeagiza upya ningeomba sanduku la pili la makaa mahali pa mashine hii, hata kama lingechukua nafasi zaidi.

Sasa kidhibiti. Plerote ni kiumbe kinachovuta oksijeni na kutoa hewa ukaa kama sisi, na mifuko mingi ndani ya hema hupandisha hewa hiyo haraka. Nje hewa ukaa ni takriban sehemu 420 katika kila milioni. Ndani tunataka ibaki chini ya 1,000 wakati wa kuzaa, kwa sababu ikizidi, uyoga hurefusha mashina ukitafuta hewa safi na kofia zake hubaki ndogo. Kidhibiti kilitakiwa kuwasha feni kila kiwango kinapopita 900. Kwa majuma ya kwanza kila kitu kilikwenda sawa. Kisha tukaanza kuvuna uyoga wenye mashina marefu na kofia finyu, huku kioo kikiendelea kuonyesha 700 na 800 bila haya.

Chanzo kilikuwa kipima chenyewe, au kwa usahihi zaidi namna kilivyoachwa kimepangwa. Vipima vingi vya aina hii hujisahihisha vyenyewe: huchukua usomaji wa chini kabisa wa siku kadhaa zilizopita na kuuhesabu kuwa hewa safi ya nje, yaani 400. Katika ofisi inayobaki tupu usiku utaratibu huo unafaa. Ndani ya hema la uyoga hewa haifiki 400 hata siku moja, kwa hiyo kipima hujidanganya kidogo kidogo, na 700 ya kweli huanza kuitwa 400. Tulipokitoa nje na kukiweka kwenye baraza kilisoma chini sana kuliko hewa ya nje inavyoweza kuwa. Mafundi walikuja siku iliyofuata, wakakiri kwamba hawakuwahi kukifunga kifaa hicho mahali pasipo hewa safi, wakazima kujisahihisha na kutufundisha kukisahihisha barazani kwa mkono. Sikulipishwa. Lakini ningependa fundi anayeuza mtambo wa shamba la uyoga awe amelijua jambo hili kabla ya mimi kulijua.

Kipima unyevunyevu nacho kinastahili kuaminiwa kwa tahadhari, kwa kuwa vipima vya bei nafuu huchoka upesi vikikaa juu ya asilimia 90. Kipimo cha kukihakiki kinapatikana jikoni: chumvi ya mezani iliyoloweshwa hadi iwe uji mzito, ikiwekwa pamoja na kipima ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, hufanya hewa ya chupa itulie kwenye asilimia 75. Chetu kilisoma 70. Tuliongeza tofauti hiyo katika mipangilio.

Kwa ndugu wa Goma wanaofikiria kuiga jambo hili, neno la pembeni lakini zito: hewa ukaa ya kwetu hutoka kwenye uyoga, ile ya kwenu hutoka pia ardhini. Mazuku ni hewa hiyohiyo, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayojikusanya mabondeni na katika mashimo na kuua watu na mifugo bila harufu wala rangi. Chumba cha chini ya ardhi katika mji huo kisiingiwe kabla ya kupimwa, na mtambo wa shamba uwe na king'ora, wala feni yake isitegemee umeme wa aina moja peke yake.

Kuhusu umeme, mafundi walipanga vizuri. Umeme wa SNEL ukiwapo, unaendesha kila kitu na kuchaji betri. Ukikatika, betri ya saa-ampea 100 inabaki na kazi moja tu, yaani feni ya kutoa hewa inayotumia wati 30, na mashine ya ukungu hunyamaza. Nilipouliza kwa nini, nikajibiwa kwamba unyevunyevu ndani ya hema lililofungwa hushuka polepole ilhali hewa ukaa hupanda upesi, na kwamba betri ya risasi isitumiwe kupita nusu ya uwezo wake kama tunataka iishi. Nusu hiyo ni karibu wati-saa 600, inayotosha feni kwa saa 20. Paneli ya wati 150 iliyo juu ya paa la nyuma, mahali isipoonekana barabarani, hurudisha kilichotumika siku ya jua. Tumepitia mikato mirefu bila kupoteza mfuko. Upungufu ni kwamba hawakuweka kirekebisha volti kati ya umeme wa mji na kidhibiti, na katika mji ambao umeme hurudi kwa kishindo baada ya mkato, kifaa hicho kilipaswa kuwa cha kwanza kwenye orodha. Tumekinunua wenyewe.

Spora za plerote, yaani chembe ndogo za uzazi zinazoruka hewani kutoka kwenye kofia, ni nyingi sana na si rafiki wa mapafu. Wanaozivuta kila siku wanaweza kupata ugonjwa wa kifua unaojulikana kwa wafanyakazi wa mashamba ya uyoga duniani. Kutoa hewa kwa dohani, juu ya paa, kumetuepusha na ugomvi wa majirani na kumezuia spora zisipande vyumba vya juu. Hata hivyo barakoa huvaliwa na kila anayeingia hemani, na tunavuna kabla kofia hazijakunjuka kabisa. Wavu wa kuzuia nzi kwenye kidirisha cha kuingizia hewa huziba kwa vumbi la kiangazi, hasa lile jekundu la Agosti, na feni huanza kuhema. Usafishwe kila juma, jambo ambalo halikuandikwa katika maelezo.

Maelezo yenyewe ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, uliowekwa ndani ya plastiki na kubandikwa mlangoni. Nimekutana na vitabu vya kurasa nyingi visivyonisaidia kama ukurasa huo. Unasema nini kifunguliwe msimu gani, namba zipi ziwe kwenye kioo asubuhi, na nini kifanyike zisipokuwa hizo. Kijana anayetusaidia, ambaye hajawahi kusomea ufundi, anaufuata bila kuniita.

Kuna kazi ambazo mtambo huu haufanyi, na haki inataka zisemwe. Haufai kwa hatua ya kwanza, wakati nyuzi nyeupe za uyoga zinapoenea ndani ya mfuko wa magunzi ya mahindi, kwa kuwa hatua hiyo inataka nyuzi 24 hadi 26 na chumba cha chini hakifiki huko. Mifuko yetu hukaa kwanza juu, katika chumba kilicho nyuma ya jiko, ndipo ishushwe. Mafundi walisema hivyo tangu mwanzo, nasi hatukutaka kutumia umeme kupasha joto mahali ambapo ardhi inapoza bure. Oktoba, kabla mvua hazijashika, ndani ya hema hufika nyuzi 23, na mtambo hauwezi kushusha zaidi. Katika miezi hiyo tunapanda *pulmonarius* na kuacha plerote ya kijivu hadi joto lipungue. Huko ni kuongoza hali ya hewa kwa kuchagua mbegu, na kunagharimu kidogo kuliko mashine yoyote.

Rafiki yetu mmoja alitaka kutumia mtambo wa aina hiyohiyo kwa saladi na lengalenga chini ya taa. Mafundi walimshauri vibaya kwa kumwambia kwamba utatosha. Mboga za majani zinahitaji taa zenye nguvu kwa saa 14 au 16 kwa siku, na karibu kila wati ya taa huishia kuwa joto ndani ya chumba. Tena mboga hutoa maji mengi hewani na hutaka hewa kavu kuliko uyoga, la sivyo majani huota ukungu. Sisi tuna taa moja ya LED ya wati 9 kwa saa 12, kwa sababu plerote huhitaji mwanga kidogo ili itengeneze kofia, na joto lake halihesabiki. Kwa mboga mtambo ungehitaji kuondoa maji na joto kwa pamoja, na hapo ndipo kiyoyozi kingekuwa na hoja, pamoja na bili yake.

Wanatoza dola 15 kwa ziara ya matengenezo ndani ya mji, na vipuri vya feni wanavyo wakati wote, lakini vile vya mashine ya ukungu huchelewa kwa sababu huagizwa Lusaka au Dar es Salaam. Anayetaka kuwaita kabla ya mvua awapate si baada ya Agosti, maana Septemba yote hushikwa na kazi za majokofu ya mabucha na maduka ya samaki. Awe pia ameshapima joto la ukuta wake asubuhi na jioni kwa juma moja, karibu na sakafu na karibu na dari. Ndilo swali lao la kwanza, na asiye na jibu husubiri hadi wapime wenyewe.